Chemko la Batholomeo wa Ihumwa

Kabla ya chemko, Batholomeo Ndahani alikuwa na neno lake moja. Waimbaji wakishamaliza beti zao na kurudi nyuma, magita yakiwa tayari kuushika wimbo peke yake, aliinama kwenye maikrofoni na kuuliza taratibu, kama mtu aliyepita kwa jirani: "Mmekula?" Ukumbi mzima ukajibu kwamba umekula. Hapo ndipo alipoanza chemko, ile sehemu ya magita matupu ya kuchezea, na mwenye haraka zake aliaga mapema, kwa sababu hakuna aliyejua chemko lingeishia wapi, na yeye mwenyewe hakujua. Aliuliza hivyo miaka ya njaa, swali lilipokuwa na uzito wake. Aliuliza hivyo miaka ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipojaa mchele wa kutoka nje. Watu wa Ihumwa wanasema aliwahi kuuliza hata kanisani, siku kwaya ilipomwomba aipigie gita, na mchungaji akajibu pamoja na waumini.

Sabiha alilisikia swali hilo mara ya kwanza akiwa bado mwali wa nyumbani kwao, na alikuwa akilisikia bado akiwa mjane mwenye meza yake ya khanga pale soko la Majengo. Mumewe alipofariki, watu walidhani ataacha kwenda kwenye dansi la mchana la Jumapili. Alikaa eda yake hadi mwisho, kisha akavaa viatu vyake vya kuchezea akaenda. Shangazi zake walisema, wakachoka kusema.

Batholomeo alizaliwa Ihumwa, ng'ambo ya reli. Mjomba wake alikuwa mpiga zeze wa kuitwa kila mavuno, na waliomjua mjomba walisema mpwa hakufanya lolote zaidi ya kulihamishia zeze kwenye umeme: ule mzunguko mfupi unaorudi na kurudi, kila ukirudi umebadilika kidogo, mpaka msikilizaji anajikuta yuko mbali na hajui alitokea njia gani. Mjini aliajiriwa kuwa mlinzi wa lango la shirika moja la umma lililokuwa na bendi yake, Uwanda Jazz. Mchana akifungua lango, jioni akipiga gita la solo. Shirika lilipopunguza watu, lango likabaki bila mlinzi na bendi ikabaki bila mwenyewe. Ndipo Mama Dorothea, mwenye baa na ukumbi mtaa wa Kikuyu pale mjini, alipowachukua wakawa wanapiga kwake kila Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Bendi za Dar zilimwita Batholomeo zaidi ya mara moja. Alizijibu kwamba Dar hakuna mahali pa mtu kukaa kimya.

Miaka hiyo ndiyo radio kaseti ziliposhuka bei. Mashabiki walikuja nazo ukumbini, wakazipanga ukingoni mwa jukwaa, taa zake nyekundu zikiwaka, kila mtu akiilinda yake isikanyagwe. Waliourekodi zaidi ulikuwa wimbo mmoja, "Mgeni wa Mavuno", kwa ajili ya chemko lake. Kanda zilisafiri na madereva wa malori hadi Mpwapwa, zikapigwa kwenye vilabu vya Msalato, zikakatika na kuungwa kwa gundi. Na kila aliyekuwa na kanda aliamini kwamba wimbo wenyewe ndio ule ulio kwenye kanda yake.

Batholomeo aliugua, akalazwa, akafariki wakati wa joto, mvua zikiwa bado. Walimzika Ihumwa. Matanga yalipoanuliwa, mkewe Erica alilichukua gita, akalipangusa vumbi, akampelekea Hanifu, aliyekuwa mpiga gita la pili, mtu wa kukaa nyuma ya Batholomeo miaka yote akimshikia njia.

Lakini tayari kulikuwa na bwana mmoja wa disko aliyefika kwa Mama Dorothea. Bwana huyo alikuwa na mashine isiyougua wala kuomba chai, naye alizitaka Jumapili. Sabiha alikwenda kumsihi Mama Dorothea. Alirudi na Jumapili moja tu ya kumuaga marehemu, kwa masharti. Ukumbi ukicheza kama zamani, bendi ibaki. Usipocheza, disko liingie.

"Watu wakija kulia hawanywi, Sabiha," Mama Dorothea alimwambia. "Mimi nataka wacheze."

Basi kila kitu kikamwangukia Hanifu, na Hanifu hakutaka. Alisema vidole vyake vimezoea kufuata. Mashabiki wakaona dawa ni kumsaidia: wamletee kanda, ajifunze chemko la Batholomeo lilivyo, asikosee hata mlio mmoja. Jioni moja sebule yake ilijaa. Ernest, fundi wa reli kutoka Ihumwa, alikuja na kanda ya sikukuu ya mwaka mpya. Sabiha alikuja na ya kwake, iliyorekodiwa Jumapili ya mvua, bati likilia kwa nyuma. Watu wa Msalato walituma yao. Walipoziweka moja baada ya nyingine, ikawa kana kwamba wamepiga watu watatu tofauti.

Ernest alisema ya kwake ndiyo sahihi, kwani Batholomeo alikuwa wa kwao.

"Wewe masikio yako yalishazibwa na honi za treni," Sabiha alimjibu.

"Na kanda yako, dada, ni ya mvua. Batholomeo anasikika kwa mbali, kama aliyesimama nje kujikinga."

Walicheka, lakini hawakukubaliana. Ernest akauliza kwa nini hakuna aliyemuuliza mwenyewe angali hai. Sabiha aliinama kuitoa kanda yake kwenye radio. Yeye alikuwa amemuuliza. Alikwenda hospitali na radio kaseti mapajani, akamwekea kanda yake hadi mwisho, na jibu alilopewa lilimtoa wodini akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, maana aliona ugonjwa umeshamchukua akili mzee wa watu. Hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba Batholomeo alikuwa amechoka. Hanifu, kwa kutotaka kumuudhi yeyote, alichukua kanda zote tatu.

Jumapili ilipofika, ukumbi ulifurika mpaka wengine wakasimama uani. Erica aliketi mbele kabisa na khanga mpya aliyofungiwa na Sabiha. Bwana wa disko naye alikuja, akaegemea nguzo na soda yake. Waimbaji waliimba "Mgeni wa Mavuno", wakarudi nyuma, na Hanifu akaingia na chemko la Ernest. Upande wa Sabiha wakapiga kelele kwamba anakosea. Akahamia kwenye la mvua. Upande wa Ihumwa wakasema anaruka. Akajaribu la Msalato, na hapo hata watu wa Msalato wakabishana wao kwa wao. Hakuna aliyekuwa akicheza. Watu wote walisimama kama waliofika kukagua kazi ya fundi. Mikono ya Hanifu ilisimama. Zikabaki ngoma na besi zikizunguka peke yake, na Mama Dorothea kwenye kaunta akamtazama bwana wa disko.

Sabiha aliona uso wa Hanifu ulivyobadilika, ukawa wa mtu aliyepotea nyumbani kwake mwenyewe. Akasahau habari za kanda.

"Hanifu," aliita, "umekula?"

Hanifu aliinama kwenye maikrofoni. "Sijala, dada. Tangu jana."

Ukumbi uliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamejibana tangu siku ya mazishi, kikatoka na machozi yake. Mama Dorothea mwenyewe alileta sahani ya mishikaki na ndizi za kuchoma, akaiweka juu ya spika, akasimama palepale kuhakikisha inaliwa. Hanifu akala. Ngoma na besi hazikukatika, zilimzunguka, zikamngoja. Watu, kwa kukosa la kufanya, wakaanza kutikisa bega, kisha mguu. Erica alikuwa wa kwanza kusimama. Mpaka Hanifu anamaliza na kufuta vidole kwenye suruali yake ya sherehe, ukumbi mzima ulikuwa ukicheza chemko lisilo na gita.

Akaingia. Hakuingia mahali kanda ilipokuwa. Aliingia mahali watu walipokuwa. Alianza na njia ile ile ya nyuma aliyomshikia Batholomeo miaka yote, akaigeuza kidogo, ikarudi, akaigeuza tena. Ernest alifika akihema mbele ya Sabiha, shati limeloa.

"Hii haimo kwenye kanda yoyote," alisema.

"Nyamaza ucheze."

Walicheza mpaka jua likapita upande wa pili wa bati. Bwana wa disko alionekana katikati ya duara la watu wa Msalato, akifundishwa. Mama Dorothea alipita na kreti kichwani akiyumba kwa mapigo, na alipomfikia Sabiha alimwambia kwamba Jumapili ijayo waje mapema, viti havitatosha.

Sabiha alikwenda kukaa ukingoni mwa jukwaa, avue viatu na kupumzisha miguu. Hapo tena hospitali ikamrudia, na safari hii akaona jambo ambalo siku ile hakuliona. Kanda ilipokuwa ikicheza, Batholomeo alikuwa amefumba macho, lakini vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya blanketi, na havikuwa vikiifuata kanda. Vilikuwa vikipita kwingine. Chemko lilipokwisha na kitufe cha radio kuruka, Sabiha alimuuliza kama hilo ndilo lenyewe. Batholomeo alifumbua macho, akaitazama radio kwa muda, akatabasamu.

"Huyu anapiga vizuri, Bi Sabiha," alisema. "Mwambieni aje Jumapili."