Beseni la Waya Juu ya Kaunta

Mimi na dada yangu mkubwa tuna chumba kidogo hapa Kisangani ambamo tunatengeneza filamu za harusi. Yeye hupiga picha. Mimi hukaa kwenye kompyuta, nikikata na kuunganisha. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikanyamaza. Fundi aliifungua, akasema vyote vimepona isipokuwa carte mère, ule ubao mkuu ambao vipande vingine vyote huchomekwa juu yake. Harusi ya watu wa Yanonge ilikuwa bado ndani ya diski, nusu haijakatwa.

Tulikwenda kwa mfanyabiashara mmoja mzee, Mwislamu, ambaye babu zake waliuza vitambaa mtaa huohuo. Kila mtu humwita tonton, yaani mjomba. Alituwekea carte mère mbili kwenye kaunta: moja ya kawaida, nyingine nyeusi, yenye vibati vya kung'aa na bei inayokaribia maradufu.

"Hii nyeusi iko na Wi-Fi ndani," alisema, kisha akagusa nafasi nne za kuchomeka vijiti vya kumbukumbu. "Iko na nafasi ine ya mémoire, ile ingine iko na mbili. Na mataa! Ukiwasha, inabadilisha rangi."

Dada yangu alikuwa ameshaishika. "Tubebe hii. Siku moja tutahitaji yote."

"Yaya, mataa itakuwa ndani ya sanduku, chini ya meza. Nani ataiona?" nilimwuliza; yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Mimi nitaiona."

Tonton alicheka hadi akakohoa. "Bon, bamama, musigombane. Murudi nyumbani, mulete vyote munachomekaka ku ordinateur. Alors tutaona."

Tulirudi, tukang'oa waya zote, tukazitia katika beseni la kuoshea pondu, majani ya muhogo, nami nikapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, nimelipakata mapajani. Mwenye baiskeli aligeuka akatazama. "Mama, hii ni samaki ya wapi?" Nilicheka njia nzima.

Kwenye kaunta tulijaribu waya mmoja mmoja: wa printa, wa diski, wa maikrofoni, wa kusomea kadi za kamera. Zote zilipata tundu kwenye ule ubao wa kawaida. Intaneti sisi tunaitoa kwenye simu yangu kwa waya, na wateja huja wenyewe kuchukua filamu zao kwa flash. Kwa hiyo Wi-Fi ikaondoka mezani, ingawa dada yangu hakupenda.

Ikabaki mémoire, na hapo yeye ndiye aliyekuwa na haki. Harusi yenye kamera tatu ilikuwa ikiigandisha kompyuta yetu kila saa.

"Unaona?" alisema. "Nafasi ine iko na maana."

Nilikaribia kukubali. Kisha nikauliza, "Tonton, hii ya nafasi mbili, inaweza kubeba mémoire kubwa kuliko zetu?"

Alivaa miwani, akasoma sanduku mbele na nyuma. "Inaweza. Munipe zenu za zamani, mimi niwape kubwa, muongeze kidogo."

Hata na nyongeza hiyo, hatukuifikia bei ya ile nyeusi. Dada yangu aliirudisha kwenye sanduku lake polepole, kama mtu anayemrudishia jirani mtoto aliyekuwa amempakata.

Fundi alifunga ubao mpya jioni ileile, na kabla ya juma kwisha filamu ilikuwa tayari. Mama wa bibi harusi alifika kutoka Yanonge na samaki wa moshi, akakataa kiti, akatazama yote akiwa amesimama. Filamu ilipofika kwenye ngoma, aliniomba nirudishe nyuma, kisha nirudishe tena. Picha za kamera zote tatu zilipita bila kukwama.

"Dada yangu ule, anacheza vizuri hivi!" alisema, akimwonyesha kwenye skrini mwanamke mnene mwenye kitenge cha manjano. Akaanza kucheza naye, palepale katikati ya chumba chetu, na dada yangu akainuka kumpigia makofi.