Umri wa Kazini

Baiskeli ilifika nyumbani kwetu Igoma juu ya mkokoteni, imefunikwa blanketi, na kabla haijashushwa mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba baba ameleta kompyuta. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemwachia, na baba, badala ya kusema amepewa baiskeli ya mazoezi, alitangaza kazini na mtaani kwamba amepewa mashine yenye kompyuta. Miaka hiyo neno kompyuta lilikuwa na uzito wake. Mafundi wa miwani waliandika mlangoni kwamba wanapima macho kwa kompyuta, na hata wapiga ramli wa mjini walikuwa wameanza kulinyemelea.

Majirani wakaja kuiona. Walichokikuta sebuleni ni baiskeli isiyo na magurudumu, imesimama kwenye vyuma kati ya kochi na meza ya redio. Jirani mmoja aliizunguka mara mbili, kisha akampa baba pole. Alidhani wezi wameyachomoa magurudumu njiani. Baba alimweleza taratibu kwamba ndivyo ilivyoundwa, haiendi popote, na yule jirani akaitikia kwa adabu kubwa huku akinitazama mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa nyumbani nikisubiri majibu, katika umri ule ambao mzazi akipiga chafya tu mbele za watu unatamani ardhi ipasuke. Nilikimbilia jikoni.

Sababu ya mashine ilikuwa presha. Daktari alikuwa amemwambia baba afanye mazoezi, akimbie kidogo kidogo asubuhi. Baba alikataa katakata. Mtu mzima mwenye kitambi akionekana anatimua mbio kando ya barabara ya Musoma, alisema, watu hawatauliza anaumwa nini, watauliza ameiba nini. Kunyonga baiskeli ndani, pazia limeshushwa, lilikuwa jambo analoweza kulifanya bila kujivunjia heshima.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kijisanduku cha plastiki kwenye usukani, chenye kioo kidogo na vitufe vinne. Waya mwembamba ulitoka ubavuni, na mwisho wake palikuwa na kibanio cha kubana kwenye ndewe ya sikio ili kupima mapigo ya moyo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kukisoma ikaniangukia mimi. Nikamfafanulia baba. Kwanza tunaiambia mashine umri wako. Ikishajua umri, inajua moyo wako unaweza kustahimili mapigo mangapi. Ukizidisha, inalia, na ikilia unapumzika. Kijana inamwachia aende mbio. Mtu mwenye umri mkubwa inamlilia mapema.

"Arobaini na tisa," baba alisema.

Nikabonyeza mpaka arobaini na tisa. Ndio umri niliokuwa nikiuandika kwenye fomu zote za shule, sikuwa na sababu ya kuutilia shaka.

Ikawa kila jioni akitoka kazini anavaa bukta na soksi ndefu, anabana kibanio sikioni, anapanda. Kioo kilionyesha pia umbali, na baba aliupenda sana umbali. Alikuwa anatutangazia wakati wa kula kwamba leo nimefika Usagara, leo nimekaribia kivuko cha Kigongo. Tulicheka. Kisichochekesha ni jinsi alivyokuwa akishuka. Alishika ukuta. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na ilimchukua muda mrefu kabla ya kuweza kuongea. Mama alikuwa akiniita pembeni na kuniuliza kama kile kitu kimelia. Nikimjibu hakijalia, aliguna tu na kurudi kwenye sufuria yake. Mimi nilijiona nimesoma kuliko yeye, nikamwambia kompyuta haikosei. Kama haijalia, baba ni mzima.

Wakati huohuo kiwanda kikawa kinauzwa. Baba alikuwa mkuu wa stoo kwenye kiwanda cha umma cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, na neno jipya lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa mwekezaji. Mwekezaji anakuja, mwekezaji ataleta mitambo, mwekezaji hataki watu wengi. Ikasemekana kuna orodha inaandaliwa ya watakaopunguzwa, na kwamba wanaokaribia kustaafu wataondoka kwanza. Baba hakuonekana kutishika. Ana miaka sita kamili kabla ya kufika hamsini na tano na kustaafu, alisema, hata mtoto anajua hesabu hiyo. Lakini usingizi ulimpaa. Akaanza kupaka nywele zake kanta nyeusi ya kuficha mvi, na shati lake la kazini akalichomekea kama vijana wa chuo.

Kisha akapata wazo la kumkaribisha ofisa utumishi. Huyo ndiye aliyekuwa akiandaa orodha. Alikuwa mtu mpole, mdogo kwa baba, na alikuwa amesikia habari za kompyuta kama watu wote. Baba alitaka aione. Hasa alitaka ofisa amwone yeye, baba, akiwa juu yake, moyo wake ukipimwa mbele ya macho ya mwenye orodha na mashine ikinyamaza kimya. Hakutuambia hivyo, lakini sote tulijua. Mama alipika sato wa nazi na wali, tukaazima glasi kwa jirani, na mimi nikaagizwa nivae gauni la kanisani maana nitakuwa na kazi ya kumweleza mgeni.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tulipomaliza kula baba alikwenda chumbani, akarudi na bukta. Nasema kweli, niliangalia pembeni. Miguu ya baba yangu haikuwa kitu cha kuonyeshwa mgeni wa heshima aliyevaa suti. Akapanda, nikambana kibanio sikioni, na mbele ya mgeni nikasema kwa sauti ya mwalimu kwamba sasa naiambia kompyuta umri wa mzee, ambao ni arobaini na tisa. Ofisa alisogea karibu, soda mkononi, na kuinama kwenye kioo. Baba akaanza kunyonga.

Alinyonga kama mtu anayefukuzwa. Mapigo yakapanda, nami nikawa nayasoma kwa sauti, na mashine haikulia. Ofisa alitikisa kichwa kwa kustaajabu na kusema vijana wa ofisini kwake wasingeweza. Baba alitabasamu kwa shida, akaongeza mwendo. Jasho lilianza kumtiririka, na jasho lile lilikuwa jeusi. Kanta aliyopaka asubuhi hakuisuuza vizuri. Ilishuka nyuma ya sikio, ikapita chini ya kibanio, ikaingia kwenye kola ya fulana nyeupe. Mimi niliiona, mama aliiona, ofisa aliiona. Sote tukageuka kutazama kioo kana kwamba pana habari mpya.

Hapo ndipo mlango uligongwa na shangazi akaingia.

Shangazi alikuwa dada wa pekee wa baba, mdogo wake, mkulima wa Usagara. Baba ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa akichunga mbuzi, na hadithi hiyo shangazi hakuchoka kuisimulia. Hakuwa na habari kama tuna mgeni. Alikuja na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani kama alivyokuja siku zote, na jua la shambani lilikuwa limemfanyia kazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, meno ya mbele hayapo, mgongo umeanza kupinda. Ofisa alisimama upesi, akamwamkia kwa heshima, kisha akamgeukia baba.

"Huyu atakuwa dada yako mkubwa," alisema. Hakuuliza kwa ubaya. Mtu yeyote angesema hivyo.

Shangazi alikuwa ameshatua kikapu. Alikuwa amekamata khanga yake kwa mkono mmoja na ameanza kukunja goti, kama mwanamke wa kwetu anavyomwamkia kaka yake mkubwa, na nilikuwa nimezoea kuliona goti lile likifika sakafuni tangu nikiwa mtoto. Baba aliacha kunyonga. Alimtazama, akamtazama ofisa, na kabla shangazi hajafungua kinywa, akamwahi.

"Shikamoo, dada."

Goti la shangazi lilibaki hewani. Sijui lilikaa pale kwa muda gani. Aliangalia uso wa baba, ile mistari myeusi shingoni, bukta, yule mtu wa suti, na mimi nikiwa nimesimama kando ya mashine na gauni langu la kanisani. Hakuwa mtu wa shule, lakini alimjua kaka yake. Akaunyoosha mguu taratibu.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema.

Na mashine ikalia. Miguu ya baba ilikuwa imesimama tuli kwenye pedali, wala hakuna mazoezi yaliyokuwa yakifanyika, lakini moyo ulikuwa umepita hata mpaka wa yule mtu wa miaka arobaini na tisa. Ililia mlio mwembamba usiokatika. Ofisa aliniuliza kulikoni. Nikamwambia ni betri, zinakwisha, nikakichomoa kibanio sikioni mwa baba na vidole vyangu vikachafuka rangi.

Ofisa, kwa kutaka kuwa na mazungumzo, alimwuliza shangazi kama ameshapita sitini. Shangazi alimjibu kwamba amepita zamani, mwanangu, mpaka amesahau. Akabeba kikapu chake, akaenda kukaa jikoni.

Nilimfuata. Uso ulikuwa unaniwaka. Mama alikuwa anaosha glasi za watu na hakugeuka. Ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, kwamba baba yangu ana umri wa nyumbani na umri wa kazini. Alichelewa kuanza shule kwa sababu ya mifugo, wakampunguzia miaka ili apokelewe darasa la kwanza, na ile miaka haikurudishwa tena. Ilimfuata kwenye vyeti, ikamfuata kiwandani. Kwa umri wa nyumbani alikuwa ameshapita hamsini na saba. Kumbe kila jioni mashine ilikuwa inamwangalia mtu ambaye hayupo, na baba alijua, na alinyonga hivyohivyo kwa kuwa asingeweza kunitajia mimi, binti yake, miaka yake ya kweli. Nikakumbuka nilivyomwambia mama kwamba kompyuta haikosei. Aibu ilinishika hata kwa ajili ya hilo.

Shangazi alikula chakula chake jikoni. Nilitamani alalamike. Alichosema tu ni kwamba kaka amekonda, na kwamba ile baiskeli ipelekwe mahali pengine. Alfajiri aliondoka. Baba alikuwa bado amelala, au alitaka tuamini amelala.

Orodha ilitoka baada ya muda si mrefu, na jina la baba lilikuwemo. Mwekezaji hakuwa amemwuliza mtu umri. Aliifunga idara nzima ya stoo, vijana kwa wazee, akaleta watu wake. Ofisa utumishi mwenyewe aliondolewa siku hiyohiyo. Baba aliposikia alicheka kicheko kimoja kikavu, akaingia chumbani na kukaa kitandani na viatu vyake.

Watu wakaja kutoa pole, kama inavyofanyika mtu akipoteza kazi. Sebule ilijaa. Walikaa kwenye makochi, kwenye viti vya kuazima, mmoja hata kwenye tandiko la baiskeli, na nywele za baba zilikuwa zimeanza kuota nyeupe kwenye mizizi bila yeye kujali. Shangazi alifika mchana. Safari hii hakuingia moja kwa moja. Alisimama mlangoni na kikapu chake, akawapitia wageni mmoja mmoja kwa macho, hasa wanaume waliovaa vizuri, kama mtu anayetafuta kujua ni nani kati yao wa kuogopwa. Baba alimwona. Alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Shangazi alipita katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye kochi alilokalia baba. Akainama sikioni kwake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kochi na sinia ya chai, ndiyo maana nilisikia. Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake. Alikuwa amekuja tayari kubeba chochote atakachobebeshwa.

"Kaka," alinong'ona, "leo mkubwa ni nani?"

Baba alimgeukia. Alimkamata mkono tu, akatikisa kichwa, akakitikisa tena. Shangazi alisubiri, kisha nadhani alielewa, maana alikamata khanga yake na safari hii goti lilifika sakafuni, mbele ya watu wote, na akamwamkia shikamoo ya mdogo kwa mkubwa wake, kwa sauti ya kusikika hadi uani. Watu waligeuka wakingoja aitikiwe. Baba alifungua kinywa, akakifumba, akakifungua tena. Mdogo wake alikaa palepale chini akimngoja, na marahaba haikutoka.