Uyoga wa Mama Asiye na Pua

Ucheke ukitaka, lakini nisikilize kwanza. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, huko milimani Kaloleni, miaka ya themanini, na sikuwa nimeonja hata tone la tembo. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia nilikuwa mgema, huanzia hapo.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikawa nagema minazi ya watu ili wadogo zangu wawili, Kadzo na Kazungu, wapate kula. Msimu wa mvua kitoweo chetu kilikuwa uyoga, ule mdogo mweupe unaochipuka kwa wingi kando ya kichuguu. Marehemu mama ndiye aliyekuwa akiuchuma. Mimi niliujua ukiwa ndani ya sufuria tu!

Basi asubuhi moja mvua imekatika, ukungu bado umelala shambani, nikakuta kichuguu cha nyuma ya nyumba kimezungukwa na weupe mtupu. Nikapaza sauti, "Kadzo! Kuna nazi, weka tui motoni!" Nikajaza kikapu chapuchapu.

"Mwanamume na kikapu cha uyoga? Kwani wanawake wamekwisha Kaloleni?"

Nikageuka. Alikuwa mama mtu mzima, leso imemfunika uso, yamebaki macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hebu ninusie huo uyoga, uniambie unanukiaje."

"Kwani una mafua?"

"Mafua yana afadhali," akasema, akaishusha leso.

Niamini ninayokuambia: hapakuwa na pua. Si kwamba imekatwa. Hapakuwa na kovu wala tundu, palikuwa laini kama mgongo wa upawa. Wewe ungefanyaje? Miguu ilitaka kukimbia, lakini yeye kasimama katikati ya njia ya nyumbani, na mimi nimekumbatia chakula cha wadogo zangu.

"Usinikodolee macho. Nusa!"

Nikatoa mmoja. Kofia yake ndogo imechongoka juu, shina jembamba, safi. "Unanukia unga wa mahindi uliotoka kutwangwa sasa hivi," nikasema, "na udongo wa mvua ya kwanza."

Akafumba macho, akacheka kwa raha kama mtu aliyelishwa. "Ee, ndivyo! Nilikuwa nimesahau. Na ule?"

Wa pili ulitoka kikapu hichohicho. Mdogo, mweupe vilevile, ningeapa ni ndugu wa ule wa kwanza. Nikanusa, nikakunja uso. "Huu unanuka ndara ya mpira iliyoungua."

"Utazame shingoni."

Una pete. Na kofia yake haina ncha.

"Huo ndio niliopika mimi," akasema. "Nilikuwa na haraka, nikaamini macho. Bahati nilikula peke yangu. Pua sikuitumia, basi nikanyang'anywa." Kisha akauliza taratibu, "Wewe unawapikia wangapi?"

"Wawili, mama. Sina wengine."

"Basi kaa chini, unuse."

Nikakaa, nikanusa mmoja mmoja, naye ananidai nimwelezee kila harufu. "Shukuru Mungu kwa hilo pua lako, baba, kama kiazi!" Zaidi ya nusu ya kikapu niliitupa. Nilipoinua kichwa nimwambie harufu ya mwisho, hayupo. Kwenye umande palikuwa na nyayo za mtu mmoja, nazo ni zangu.

Nyumbani Kadzo akachungulia kikapu. "Kaka, kelele zote zile kwa vijiuyoga hivi?"

"Nusa kwanza," nikamwambia.

Tulikula, na sote watatu tuko wazima mpaka leo. Ila kunusa hakukututoka. Kazungu alipokwenda kuposa, alinusa sahani ya wali mbele ya mama mkwe. Kidogo tu arudi bila mke! Nami kila mvua zinapoanza, huenda kwenye kichuguu kile, nikanusa uyoga mmoja na kueleza harufu yake kwa sauti. Mara nyingine nasikia kicheko nyuma yangu. Sigeuki.

Nawe, kama hukufundishwa na anayeujua uyoga, uache ulipo. Pua ikikataa, usibishane nayo. Na asubuhi ya ukungu mama mwenye leso usoni akikuomba umnusie, usikimbie. Mnusie, tena umweleze vizuri, polepole. Ana njaa ya miaka mingi.