Shangazi Hakuwauliza Kama Wameelewa

Baba alisema mwalimu akitoka darasani ni samaki nje ya maji. Alimwambia dada yake hayo usoni, tukiwa mezani. Shangazi alikuwa ameacha kazi baada ya darasa lake kujaa hadi watoto wakakaa sakafuni.

"Dada, unajua nini zaidi ya chaki?"

Shangazi aliuma meno. Mimi nikachukia kwa niaba yake.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kiwanda cha sabuni kilipomwita kwa majaribio ya kufundisha vibarua wapya, nikamfuata. Nilitaka kuona sabuni ikikatwa. Inatoka ndefu, bado vuguvugu, nyaya za kukatia zinashuka chap, vipande hivyo.

Msimamizi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alieleza mbiombio namna ya kutoa sabuni iliyokwama.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo."

Hata sisi darasani huitika hivyohivyo, hasa tusipoelewa kitu.

"Haya mwalimu," Redio akasema, "tuimbie a e i o u."

Shangazi alikwenda ukutani, akazima swichi kuu. Kisha akamwita kijana aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mdogo wangu, tuseme mashine inakata na sabuni imekwama. Nionyeshe."

Kijana akapeleka mkono moja kwa moja kwenye nyaya.

"Hesabuni vidole vyake," Shangazi akawaambia wenzake. "Ingekuwa inakata kweli, vingebaki vingapi?"

Kijana akaurudisha mkono, akaanza kujisugua vidole.

"Unamdhalilisha mtu mzima," Redio akanguruma.

"Wewe umewauliza kama wameelewa. Nani atakujibu hapana mbele ya wenzake?" Shangazi akaokota kijiti kwa hasira. Akamwonyesha kijana: zima, ngoja nyaya zitulie, toa kwa kijiti. Kijana akamwonyesha wa pili, wa pili wa tatu, mpaka wakaisha.

Meneja wa kiwanda alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Njoo Jumatatu. Utamsaidia Redio."

"Simsaidii. Nitafundisha mimi, ama mtafute mwingine."

Nikataka kumvuta nguo. Kazi yenyewe hiyo inaponyoka! Meneja akamtazama yule kijana, aliyekuwa bado anajisugua vidole.

"Basi ufundishe wewe."

Nyumbani, Baba aliposikia akatabasamu. "Dada, una bahati wewe."

"Bahati?" Shangazi hakuketi hata. "Nilichofanya leo nimekifanya kila siku tangu ukiwa hujaoa. Hukuwahi kukiita kazi."

Baba akanitazama mimi, eti nimwokoe. Nikaendelea kula.