Siku Boti Letu Lilipopimwa Tani

Niliolewa Mbamba Bay nikitokea Maguu, kwa wakulima wa kahawa, na mpaka leo nikisikia neno tani akili yangu hukimbilia mzani. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba boti letu lazima lipimwe tani ndipo lipate cheti, sikumshangaa wifi yangu aliponiuliza, "Sasa watalinyanyuaje?"

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na boti lile tulilitengenezesha mimi na yeye. Hofu yetu ilikuwa moja: likionekana dogo, tutanyimwa ruhusa ya kubeba abiria. Asubuhi ya kupimwa, kabla afisa wa kukagua vyombo hajafika, tukalijaza mihogo mikavu, magunia kumi na mawili, jasho likitutoka. Likadidimia vizuri. Likaonekana boti la maana.

Afisa alikuwa kijana wa Dodoma, mgeni kwetu. "Shikamoo mama," alimsalimia wifi, kisha akayatazama magunia. "Mnasafiri?"

"Marahaba. Hatusafiri, mwanangu. Hizo ndizo tani zenyewe."

Alicheka mpaka akachutama mchangani. Mimi nilitamani kukimbia, lakini wifi alisimama palepale, mikono kiunoni, akisubiri amalize.

"Mama, mimi sipimi uzito," akasema akifuta macho. "Napima nafasi iliyomo ndani. Lijae, liwe tupu, tani zake ni zilezile."

Akavua viatu, akakunja suruali, akashusha magunia pamoja nasi. Boti lilipobaki tupu alinishikisha ncha ya utepe. Tukapima urefu, tukapima upana, tukapima kina kutoka ukingoni hadi sakafuni. Akapiga hesabu kwenye simu, akatuonyesha: tani tatu hazikutimia.

Wifi akanywea. "Basi tumekosa?"

"Mmekosa nini, mama? Hata boti dogo linapewa cheti. Idadi ya abiria itaandikwa humo, msiizidishe tu."

Wifi alipiga kigelegele hadi wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakageuka.

Cheti kilichelewa kidogo, lakini kilikuja, na wifi alikisoma kwa sauti mara mbili, kuanzia juu hadi kwenye mhuri. Safari yetu ya kwanza tuliipeleka kwaya ya kanisani kijiji cha jirani. Kwa kuwa idadi haikuruhusu wote, wanawake wa sauti ya kwanza walitangulia wakiimba, na wanaume wa besi wakabaki ufukweni wananung'unika, wakingoja zamu yao.