Nimeambiwa niombe msamaha kwa ishara ambayo sikupewa

Admin, nakuomba ulifiche jina langu, na jina la klabu usiliulize, maana hapa kisiwani tunajuana sote. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni Mji wa Kale. Si msemaji. Mwalimu akiniuliza swali jibu nalijua, lakini sauti haitoki. Ndiyo maana haya nayaandika. Jina la rafiki yangu nimelibadilisha.

Tangu mwaka jana naendesha baiskeli na klabu ya mtaani. Ni watu wa kawaida, mafundi na makarani wa bandarini. Tunakutana Tononoka baada ya swala ya alfajiri, na mwisho wa mwezi tunashindana wenyewe kwa wenyewe. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Mwanaisha. Baba aliniruhusu kwa sharti moja: niende na Mwanaisha na nirudi na Mwanaisha. Bila yeye mimi sina klabu.

Kwa asiyejua, sisi tunaendesha kwa mstari, gurudumu karibu na gurudumu, ili wa mbele amkinge wa nyuma na upepo. Ukiwa nyuma barabara huioni, waona mgongo wa mwenzio. Kwa hiyo wa mbele akiona shimo hunyoosha mkono chini upande ule, na wewe unamnyooshea wa nyuma yako, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mtu ana dhamana ya aliye nyuma yake. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa.

Nahodha wetu ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Siku moja, tukipanda daraja la Nyali, nilimpita. Sikukusudia ubaya, miguu ilikuwa myepesi tu siku hiyo. Kule juu wanaume wakamcheka. "Nahodha, leo umeachwa na kitoto cha shule." Yeye hakucheka. Alinisogelea akasema taratibu, "Profesa, wataka namba wani? Kaitafute darasani." Profesa ndilo jina walilonibandika kwa sababu husoma kitabu nikiwangoja wenzangu.

Kuanzia hapo akawa ananipanga nyuma yake kila safari, na ishara akaacha kunipa. Nikaparamia matuta. Nikapasua tairi kwenye vigae vya chupa, naye akasema mbele ya watu, "Macho umeyaacha kwenye vitabu?" Badala ya kulalamika nikajifunza kuyatazama mabega yake. Yakiinama upande mmoja, najua kuna kitu anakikwepa.

Halafu ikaja Jumapili ile, karibu na Makupa. Kulikuwa na shimo la maji machafu ambalo kifuniko chake kimeibwa. Nahodha alilikwepa ghafla, mkono hakunyoosha. Niliinama upande nikalipita kwa bahati tu, na kabla sijautoa mkono wangu nikasikia chuma kinagonga nyuma yangu. Mwanaisha alikuwa chini. Mtulinga wake, ule mfupa wa chini ya shingo, umevunjika.

"Profesa, mbona hukutoa ishara?" mmoja akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo nahodha akajibu. "Mimi nilimpa. Yeye alikuwa anaota."

Waliokuwa nyuma hawakumwona yeye, waliniona mimi. Nikataka kusema, yakaja machozi, na machozi yale wakayafanya ndiyo kukiri kwangu.

Nilipeleka mkate wa sinia kwao Mwanaisha. Mamake, ambaye nimekula kwake tangu niko mdogo, aliupokea mlangoni bila kuniitikia salamu. "Amelala," akasema, na mimi namsikia Mwanaisha ndani akicheka na simu. "Wewe nilikuamini, mwanangu. Ningejua hujali aliye nyuma yako, nisingemtoa."

Jioni ile ujumbe ukaja kwenye kikundi cha klabu. Jumapili hii nisimame mbele ya wote, nikiri kwamba nilipewa ishara sikuipitisha, nimwombe Mwanaisha msamaha. La sivyo nisirudi tena.

Nikasema moyoni, Mwanaisha akijua ukweli atanitetea. Juzi nikarudi wakati mamake yuko sokoni. Alinifungulia mwenyewe, mkono umefungwa kifuani. Nikamweleza yote kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakushangaa.

"Najua," akasema.

"Wajua nini?"

"Ulipoinama nilimwona. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nimevunjika mfupa, shoga, sijapofuka."

"Basi sema."

"Niseme ili iwe nini? Yeye ndiye anayechagua watakaokwenda mbio za kule bara mwezi wa kumi na mbili. Jana alikuja hapa, akamwahidi mama kwamba nikipona nafasi yangu ipo. Wewe una vitabu vyako, utakwenda chuo kikuu. Mimi nina hii tu." Kisha akalainisha sauti. "Omba radhi yaishe. Ni maneno tu. Tuendeshe kama zamani."

Akanipa mkono wake mzima, kana kwamba tumeshapatana. Sikuushika. Niliondoka bila kuaga, na mpaka naandika haya nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nahodha nilikuwa namchukia tangu zamani, kwa hivyo yeye hanishangazi.

Nikikataa, nimeaga klabu, na baba hataniacha niendeshe peke yangu. Mamake Mwanaisha ataendelea kuniona mimi ndiye niliyemvunja mwanawe. Nikikubali, nitarudi kupangwa nyuma ya mgongo ule ule, na nyuma yangu atakuwapo mtu mwingine.

Jumapili ni kesho kutwa. Nyinyi mlionizidi umri nielekezeni, na mniambie kweli hata kama itaniuma: nitasimamaje mbele ya watu nimwombe msamaha mtu ambaye anajua kwamba sikumkosea?