Gemu ilinipa mpaka Jumapili saa saba kupunguza nyumba ya mama, na kaburi la baba lilikuwa na mawe kumi na nane

Wakubwa wa humu shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni fundi seremala, niko Mafinga. Hiki ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na kuna sehemu kinaniaibisha kabisa. Kwa hiyo mtu asije akasema natafuta sifa.

Na wale mtakaouliza mtu mzima anacheza gemu ya nini, nimeshawasikia. Subirini.

Kuna gemu moja ya online, jina naliacha. Wenzangu huko wanapigana na mazimwi, mimi sijawahi kuua hata moja. Mimi niko kwenye nyumba tu.

Unapewa kiwanja na nyumba, unapanga vitu unavyotaka. Nyumba ziko saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Kila saizi ina limit yake. Nyumba ya kati inaruhusu vitu 240 ndani na 30 nje. Ndogo ni nusu ya hapo, 120 ndani na 15 nje. Nafasi ya ndani huwezi kuipeleka nje.

Na kitu ni kitu. Kabati zima linahesabiwa kimoja, na kijiko kinahesabiwa kimoja.

Sasa fundi ni fundi, wakuu. Vitanda vya kwenye ile gemu ni vya kifalme, vina mapazia mekundu. Mimi nilitaka kitanda cha baba, kile nilichomchongea nilipomaliza kujifunza ufundi. Nikachukua ubao mmoja mmoja nikaunga kama niko karakana. Kikatoka chenyewe kabisa, ila kilikula vitu 19. Meza hivyo hivyo, kabati hivyo hivyo. Mtu mwingine angeweka cha dukani akalala zake. Mimi siwezi kuweka meza ambayo sioni imeungwa wapi, roho inakataa.

Niwaambie kwa nini nilianza.

Nyumbani kwetu ni kijijini huku Mufindi. Baba alifariki, tukamzika pale pale uani kama ilivyo desturi yetu. Mwaka uliofuata mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka kwa shida. Mdogo wangu Neema, ambaye anakaa Uyole, Mbeya, akamchukua. Nyumba ikabaki tupu. Tukakubaliana tuuze, na aliyesaini ni mimi kama mtoto wa kiume mkubwa.

Mnunuzi alibomoa nyumba akapanda mipaina. Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida, kila penye nafasi watu wanapanda miti ya mbao. Tulichokubaliana naye ni aliache kaburi na nafasi ya kuzunguka, basi.

Tangu nisaini sikurudi pale. Miaka minne. Kutoka karakana kwangu ni kama dakika arobaini kwa bodaboda. Kila ukifika msimu wa kupalilia makaburi nilikuwa na kazi ya haraka ya mteja. Nilikuwa na wateja wengi sana msimu huo, mnanielewa.

Basi nilipopata kile kiwanja kwenye gemu, kitu cha kwanza kukiweka hakikuwa kitanda. Nilianza nje. Nilitafuta mawe nikapanga kaburi la baba, jiwe moja baada ya jingine, mawe kumi na nane. Ndipo nikaingia ndani kujenga nyumba yetu ilivyokuwa.

Neema nilimpa ruhusa ya kuingia kwa simu yake. Siku moja akamwonyesha mama.

Mama aliinamia simu, halafu akasema, "Sufuria... zinakaa kushoto."

Wakuu, mama alikuwa hajatoa sentensi nzima kwa miezi. Neema alinipigia akilia, mimi nikaacha randa juu ya ubao nikakaa chini.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada ilikuwa zamu ya mama. Neema anatembeza, mama anakosoa. Dirisha liko juu mno. Jiko la nje liko mbali na mlango. Benchi la kuchambulia maharage liko wapi? Mimi nakosolewa, naongeza. Na kila alipokosoa, maneno yalizidi kunyooka. Ndani tukafika 240 kati ya 240. Nje, kaburi mawe 18, vitu vingine 12, jumla 30. Hapakuwa na nafasi hata ya kuongeza kikombe.

Sasa tatizo.

Nilienda msituni Sao Hill kuchagua magogo ya kazi kubwa ya milango. Nilikaa wiki nzima, na kule nilikokuwa mtandao hamna. Nimerudi Jumamosi asubuhi, nafungua laptop, nakuta ujumbe. Mtaa wetu kwenye gemu unafungwa. Wenye nyumba walipewa wiki wachague nyumba mtaa mwingine. Mimi sikuchagua, kwa hiyo nimechaguliwa. Nimepewa ndogo.

Mwisho wa kupunguza vitu ni Jumapili saa saba mchana kwa saa zetu. Kitakachozidi mfumo unafuta wenyewe, haukirudishi kwenye begi, na unaanza kufuta kilichowekwa kwanza.

Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Cha kwanza nje ni kaburi. Cha kwanza ndani ni kitanda cha baba.

Nikampigia Neema. Tukakubaliana mama asijue. Daktari alishasema asipewe mshtuko, na sisi wote tuliogopa kitu kimoja: akiona nyumba inabomolewa mara ya pili, yale maneno yarudi yalikotoka.

Ndani tulielewana japo kwa maumivu. Meza yangu nikaifumua, ikawekwa ya dukani. Kabati likaenda. Jumamosi nzima nilikuwa nafumua kazi ya mikono yangu. Kitanda nilikataa mpaka Jumapili saa nne asubuhi, Neema akaniambia, "Kaka, mbao kumi na tisa. Ni kitanda au ni stoo?" Nikafumua. Nikaweka kile cha mapazia mekundu. Ndani ikasoma 120.

Hapo hapo umeme ukakatika Mafinga. Laptop ina chaji asilimia 46, na betri yake ni ya kizee.

Tukahamia nje, na nje ndiko tulikogombana.

Nje ni vitu 15. Kaburi peke yake ni 18. Mpango wangu ulikuwa nitoe mawe matatu, kaburi libaki 15, vingine vyote viondoke. Jiko la nje, benchi, kihenge cha mahindi, uzio, vyote.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Yaani mama akifungua nyumba yake, nje aone kaburi tu?"

Nikamwambia wewe hujui, wewe uko Mbeya.

"Na wewe uko Mafinga," akasema. "Umeenda lini?"

Nilikata simu. Sijivunii, nasimulia ilivyokuwa. Nilikaa pale karakana na hasira zangu, chaji inashuka, natoa vitu vya mama kimoja kimoja. Nilitoa kihenge. Nilitoa tenki la maji. Nikafika kwenye benchi la maharage, mkono ukagoma.

Saa sita na robo simu ya Neema ikaita. Nikapokea kwa ukali, "Nini tena?"

"Kamwene," sauti ikajibu. Ni mama.

Nikaitikia kamwene, salamu ya kwetu.

"Baba," akasema, na mama akiniita baba najua kuna kesi, "kile kitanda cha mapazia... cha nani?"

Kumbe mama aliporudi kutoka ibadani na majirani alichukua simu ya Neema mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaingia kwenye ile nyumba bila kusubiri mtu.

Ikabidi nimweleze. Kwamba nyumba inahamishwa, kwamba tumepewa ndogo, kwamba kila ubao unahesabiwa na tuna dakika arobaini na tano. Nilikuwa naongea haraka kama mwizi anayejitetea. Nikangoja nisikie kilio, au nisikie kimya, ambacho nilikiogopa zaidi.

Mama akauliza, "Nje... vitu vingapi?"

"Kumi na tano."

"Kaburi mawe mangapi?"

"Kumi na nane, mama."

"Toa kaburi."

Nikamwambia mama, natoa matatu tu, linabaki.

"Toa lote." Akapumua. Maneno yalikuwa yanakuja polepole lakini yote yalifika. "Kwenye hiyo nyumba baba yenu hajafa. Sufuria ziko, kofia yake iko mlangoni. Kaburi la nini? Kila Jumapili nalipita... nanyamaza, kwa sababu umeliweka wewe."

Nikaliangalia lile kaburi kwenye kioo cha laptop.

Akamalizia, "Kaburi la mume wangu liko Mufindi. Nani analipalilia?"

 Neema alikuwa kule nyuma na angeweza kunisemea; hakunisemea, na namshukuru kwa hilo.

Saa sita na nusu nikaanza kutoa mawe. Ukitoa jiwe gemu inakuuliza una uhakika? Unabonyeza ndiyo, inazunguka. Siku hiyo mtaa mzima ulikuwa unahama, kwa hiyo kila jiwe lilizunguka dakika nzima. Jiwe la kwanza, una uhakika? Ndiyo. La pili, una uhakika? Ndiyo. Jasho linanitoka, na Mafinga siku ile ilikuwa na baridi ya kuvaa koti.

Jiwe la tisa laptop ikaonya chaji asilimia 10. Jiwe la kumi na tatu, asilimia 6. Mama yuko kwenye simu ananihesabia kwa sauti, "kumi na nne... kumi na tano," kama anavyohesabu madebe ya mahindi.

La kumi na nane liliondoka saa saba kasoro dakika sita. Nikarudisha kihenge na tenki. Nje ikasoma 12 kati ya 15.

Mama akasema, "Zimebaki tatu. Weka gogo la kupasulia kuni, pale baba yenu alipokaaga."

Nikaweka.

"Weka na kuku wawili."

Nikamwambia mama, kuku nao wanahesabiwa.

"Si wawili tu? Weka."

Nikaweka kuku wa pili, laptop ikazima. Nikashika kichwa. Neema akaingia kwa simu yake saa saba na dakika mbili, akapiga kelele: nyumba ipo, jiko lipo, kuku wanatembea. Nikamsikia mama anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu augue.

Ningeweza kuishia hapo, ikawa hadithi nzuri. Lakini nimeahidi ukweli.

Jumatatu nilifunga karakana nikapanda bodaboda na jembe na fyekeo. Nilipitia kwa aliyenunua shamba, nikaomba ruhusa kwa aibu. Yule mzee akanitazama akasema, "Nilijua iko siku mtakuja."

Mipaina imeshanipita urefu. Nilipotea kwenye ile mistari, mimi niliyezaliwa pale. Kaburi nililipata kwa sababu yule mzee kweli aliacha nafasi, kama alivyoahidi. Majani yalinifika kiunoni na yale majani ya mipaina yaliyokauka yalifunika kila kitu. Nilifyeka, nikalima, nikafagia kwa tawi.

Mawe yakatokea. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena.

Yako kumi na moja.

Kumi na moja wakuu. Miaka yote nilikuwa napanga kumi na nane kwa kumbukumbu ya mtu ambaye haendi. Ningekuwa nimekuja hata mara moja tu, kaburi lingeenea kwenye limit na nafasi ya vitu vinne ingebaki. Nilikaa chini katikati ya ile miti nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Nilipompigia mama video, hakuuliza kwa nini nililia. Alitazama kaburi, akaangalia jembe, akasema, "Upande wa kichwani hujamaliza."

Nikarudi kumalizia.

Nilichojifunza, kwa wachezaji wenzangu: jueni limit ya saizi iliyo chini yenu, siyo ya mnayokaa tu, na msiunge kitanda cha mbao kumi na tisa kama hamna moyo wa kukifumua. Kwa wengine wote, sina la kuwafundisha. Kama una kaburi unalolikwepa, wewe mwenyewe unajua umbali wake kwa bodaboda.

Haya, nisemeni. Na kama kuna aliyewahi kujenga kwao ndani ya gemu, aniambie cha kwanza kukiweka kilikuwa nini.